Barua ya wazi kwa wakubwa wa jiji: kabla hamjabomoa baa yetu

Kwenu mnaotoa leseni za pombe Nairobi, mnaochora ramani za mitaa mipya, na nyinyi mnaotunza kumbukumbu za jiji,

Mimi ni mtoto wa mhudumu wa baa. Nalisema mapema kwa sababu mkiona barua inayotaja baa huwa mmeshajua ni ya nani: ama mlevi analia bei ya bia imepanda, ama mchungaji anataka zote zifungwe kesho asubuhi. Mimi simo katika hao wawili. Nakunywa bia mbili Ijumaa, tatu timu yangu ya mpira, Gor Mahia, ikishinda, na karo yangu kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne ilitoka kwenye sarafu ambazo wateja walimwachia Mama juu ya trei.

Wiki tatu zilizopita alikuja kijana na mkebe wa rangi nyekundu, akapiga X kwenye ukuta wa baa ambayo Mama aliifanyia kazi miaka 26. Hakubisha hodi. Alipiga moja ukutani na nyingine kwenye mlango wa choo, nadhani asije mtu akadai choo kilisahauliwa. Jina la baa sitalitaja hapa. Anayetaka kuiokoa ataipata, na anayetaka kuja kuisumbua sitamrahisishia kazi.

Iko kwenye mojawapo ya ile mitaa ya zamani pembeni mwa Jogoo Road, ambayo zamu yake ya kubomolewa imefika ili yapande maghorofa ya nyumba za bei nafuu. Maghorofa siyapingi. Aliyewahi kupanga foleni ya choo kimoja na nyumba nane saa kumi na moja alfajiri hawezi kuyapinga. Lakini nimeiona ramani ya mtaa mpya imebandikwa. Kuna maduka, kuna chekechea, kuna maegesho ya magari ambayo wengi wetu hatuna. Pale ilipo baa pameandikwa "nafasi ya biashara". Kesho patakuwa duka la simu, au kanisa, au klabu yenye spika za kutikisa madirisha, na kwenu yote hayo ni sawa.

Kwa hiyo nawaeleza mlichokipiga X.

Ukiingia, mkono wa kushoto kuna kaunta iliyozungushiwa wavu wa chuma kuanzia mbao hadi dari, kama dirisha la posta ya zamani. Katikati ya wavu pana tundu la kupitishia chupa na pesa, na ukingo wa mbao chini ya tundu hilo umelika ukawa na bonde, kwa mikono ya watu wa miaka hamsini. Upande wa ndani, chini ya kaunta, ambako mteja haoni, kuna mikwaruzo ya msumari: fito nne na moja ya kukata, fito nne na moja ya kukata. Hizo ni hesabu za wahudumu. Zile za kona ya dirishani ni za Mama. Kila fito ni bia ambayo mtu alikunywa akatoroka bila kulipa.

Pengine hamjui kazi ile inavyoendeshwa. Mhudumu anachukua bia kaunta kwa hesabu yake mwenyewe, kisha anamdai mteja. Mteja akipitia mlango wa nyuma, deni ni la mhudumu. Ndiyo maana kwenye baa za aina hii chupa tupu hazitolewi mezani mpaka bili ilipwe. Mgeni huona uchafu, kumbe ile ndiyo risiti. Mama hakumaliza darasa la nne, lakini angetupa jicho mara moja kwenye meza ya watu saba wenye chupa thelathini na moja na akuambie nani ana ngapi, nani alimnunulia nani, na nani ameanza kuisukuma chupa yake polepole kuelekea kwa jirani.

Na swali la kwanza ukikaa: moto ama baridi? Watu wa nje hucheka sana wakisikia mtu mzima anaagiza bia moto, wanafikiri tunaichemsha. Ni ile isiyopita kwenye friji tu. Wazee wanasema baridi huua ladha, na wengine wanasema huharibu koo, na mimi naona sababu halisi ni kwamba walizoea hivyo kabla friji hazijafika. Mhudumu anayejua kazi yake hakuulizi swali hilo mara ya pili maishani. Mama alistaafu 2005 na hadi leo tukipishana na mzee fulani sokoni ananinong'oneza, "Yule ni wa moto." Jina la huyo mzee hakumbuki.

Mama alishuka kwenye basi kutoka Emuhaya mwaka wa 1979 akiwa hana Kiswahili cha kutosha kuombea maji. Trei ndiyo iliyomfunza. Meza ya kwanza Wakamba wa karakana, ya pili Wajaluo wa reli, ya tatu mafundi wa Kikuyu, na dirishani Mtaita mmoja aliyekuwa karani na hakupenda kuketi na mtu. Lugha ambayo wangeagizia na kugombania ilikuwa moja. Mimi na wenzangu tuliozaliwa Eastlands tulikigeuza Kiswahili hicho kikawa Sheng, na mnajua wenyewe kimefika wapi, maana wakati wa kampeni hata nyinyi mnakitumia, kwa shida.

Sasa niwapeleke usiku mmoja wa 1994.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sheria hairuhusu mtoto kuingia baa, na inafaa isiruhusu. Nilikuwa uani, kando ya jiko la nyama, nikisubiri Mama anipe ufunguo wa nyumba. Siku tatu kabla, mzee mmoja wa reli alikuwa amefariki. Alikuwa Mteso, mwili ulikuwa mochari, na kwao ni Busia. Mke wake alikuwa na shilingi za mkate na hakuwa na ndugu hapa mjini.

Mwenye baa alizima muziki. Akaenda mlangoni akageuza kibao kionyeshe tumefunga. Wateja wakasogeza meza tano zikawa moja, akachaguliwa mwenyekiti, akachaguliwa mweka hazina, Mkamba mwenye bucha. Alitoa daftari la shule, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akapiga mistari kwa ukingo wa kisanduku cha kiberiti. Mpaka kikao kilipoisha haikuuzwa hata chupa moja. Mama alizunguka na trei. Trei ile ile, sasa ikipokea noti. Kila noti ilipoanguka mweka hazina alitaja jina na kiasi kwa sauti, na aliyekuwa ameahidi mia mbili akatoa hamsini alisikia kimya cha watu thelathini kikimtazama. Akaongeza.

Walipata pesa za jeneza, za basi, na zikabaki kidogo za mjane. Basi lilitolewa na Mkikuyu wa meza ya tatu kwa bei ya mafuta. Kisha mwenye baa akawasha muziki tena, chini kuliko kawaida, na meza zikarudishwa mahali pake.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya mia. Nairobi ni jiji la watu ambao wakifa lazima wasafirishwe, na kwa miaka mingi kabla ya M-Pesa kuanza 2007, mahali ambapo mtu wa kipato kidogo angehakikishiwa safari hiyo palikuwa kanisani kwake, kama anaenda kanisani, au kwenye baa yake. Wengi wa wazee wa reli hawakuwa watu wa kanisani.

Kitu kingine mtakachokipiga X ni mkebe wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia. Haupo tena, lakini ulikuwepo juu ya rafu nyuma ya kaunta, na kila mwisho wa mwezi ulijaa bahasha. Mwanamume akipokea mshahara alipitia baa kwanza, hilo hatulifichi. Lakini kabla ya kuagiza chupa ya kwanza alimpa Mama bahasha ya kodi ya nyumba, imeandikwa jina, na maagizo: hata nikikuomba kwa machozi, usinipe. Saa nne usiku wengine waliomba kwa machozi. Mama hakuwapa. Asubuhi mke angetumwa au angekuja mwenyewe kuichukua. Kuna wanawake mtaani kwetu waliomwamini Mama na kodi kuliko walivyowaamini mabwana zao, na hawakukosea.

Sitawaficha upande wa pili. Bia ilimshinda baba yangu. Alikufa 1991 akiwa na miaka 38, na baa aliyokunywa ni hiyo hiyo. Mama alikuwa ameshamwambia mwenye baa asimuuzie, naye akakubali, na Baba akahamia kwa mama pima, muuza pombe haramu, nyuma ya reli, ambako hakuna aliyemjua wala aliyehesabu. Alimalizikia huko. Mtu akiniambia pombe ni mbaya namwambia keti, nami nina yangu ya kukueleza. Lakini nimekaa nikafikiri kuhusu hilo kwa miaka mingi kuliko nyinyi mlivyokaa kwenye hiyo kamati, na naona kwamba mahali palipomkataza palikuwa na macho, na mahali palipomwua hapakuwa nayo.

Ndiyo sababu inaniuma kuona sheria zenu haziwezi kutofautisha pahali na pahali. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile ambayo kila mnywaji anaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Sina shida na saa tano usiku. Mama, ambaye alikuwa ameshastaafu, aliipenda. Katiba ikazipa kaunti kazi ya leseni, na kaunti hii ikapitisha sheria yake 2014. Mwishoni mwa 2022 ikatangazwa kuwa klabu za usiku zilizo katikati ya makazi hazitapewa leseni tena. Nilishangilia. Nina dada anayeishi karibu na klabu, na watoto wake walisomea mtihani na pamba masikioni.

Halafu likaja suala la kuamua klabu ni nini. Mkaguzi mmoja, ambaye ofisi yake naiacha, alifika kwetu Jumanne saa mbili usiku. Walikuwepo wazee tisa, redio ndogo, na televisheni isiyo na sauti. Akaandika "klabu ya usiku". Mwenye baa wa sasa, mtoto wa yule wa kwanza, akamuuliza klabu iko wapi. Mkaguzi akasema fomu haina mahali pa kuandika kitu kingine. Akataka tuweke ukuta wa kuzuia sauti. Sauti gani? Mzee mmoja akamwambia akae kimya kidogo asikilize. Wote wakanyamaza. Ilisikika friji.

Na watu walipokufa Kirinyaga Februari 2024 kwa pombe yenye sumu, nchi nzima ikatikisika, na ilistahili kutikisika. Misako ikaanza. Inapoanza misako, anayepatikana kwa urahisi ni yule mwenye mlango, kibao na leseni ukutani. Anayepika kwenye pipa hana kibao.

Nigeukie sasa nyinyi wa kumbukumbu, maana na nyinyi mna lenu.

Mkiulizwa historia ya unywaji wa Nairobi mna majibu tayari, tena mazuri. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904. Muthaiga Club ilifunguliwa siku ya mwisho ya 1913. Hoteli ya Stanley na mti wake wa Thorn Tree ambapo wasafiri walibandikiana ujumbe. Picha zipo, menyu za zamani zipo, viti vimepigwa vanishi. Hizo zote zilikuwa sehemu ambazo babu zetu waliingia kwa mlango wa jikoni.

Chukueni mwaka mmoja tu, 1922. Tarehe 16 Machi watu walikusanyika kituo cha polisi wakitaka Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk, pale penye vinywaji, nao wakafyatua. Walikufa watu zaidi ya ishirini, Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea waandamanaji, akiwa mmoja wao. Desemba ya mwaka huo huo kreti za kwanza za bia iliyotengenezwa Ruaraka zikapelekwa New Stanley. Ndugu wawili wa ukoo wa Hurst, George na Charles, ndio walioanzisha kiwanda hicho. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu, na ndiyo mnaona ndovu kwenye chupa ya Tusker mpaka leo. Hadithi ya ndovu kila mlevi anaijua. Ile nyingine, kwamba bia hiyo ilitengenezwa hapa na kwa miaka mingi sheria ya mkoloni ikamkataza Mwafrika kuinywa, haimo kwenye chupa.

Mwafrika wa Nairobi alitengewa ya kwake. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1920, baraza la mji lilijipa haki ya peke yake ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, katika ukumbi wake. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani wakageuka wahalifu. Faida ya ukumbi ndiyo iliyotumiwa kulipia huduma za Waafrika wa mji, maana yake mnywaji wa Pumwani alijijengea mtaa kwa kikombe chake. Fikirini hilo kidogo. Baa ya kwanza rasmi ya Mwafrika wa Nairobi ilikuwa mali ya jiji. Nyinyi ndio mlikuwa wenye baa! Halafu leo mnatutazama kana kwamba hamjawahi kushika trei.

Baa zilizokuja baadaye, zilizofunguliwa na Waafrika kwa pesa zao, hizo ndizo hazina faili. Baba wa mwenye baa yetu alikuwa mtu wa reli, alifungua kwa pesa za kustaafu, na kilichomfurahisha hakikuwa faida. Alimwambia Mama siku aliyomwajiri: hapa mtu ataingia kwa mlango wa mbele.

Mjini kati tayari tumepoteza nyingi. Klabu ya Florida ya Koinange Street, ile ya umbo la kisahani kinachoruka, imekwenda. Sikuwahi kuipenda, lakini lilikuwa jengo ambalo mtoto yeyote angelichora akiambiwa achore Nairobi. Baa ya Simmers ilibomolewa 2018, na pamoja nayo jukwaa ambalo bendi ilipiga moja kwa moja katikati ya jiji, mtu akitoka ofisini anaisikia akiwa bado barabarani. Garden Square je? Mwishoni mwa 1978 wanamuziki waliotoka bendi ya Simba Wanyika waliunda yao, Les Wanyika, wakafanya mazoezi, na baada ya hapo wakajitokeza kupiga Garden Square. Mwaka uliofuata walirekodi "Sina Makosa", na tangu siku hiyo hakuna harusi ya Afrika Mashariki iliyoisha bila wimbo huo. Waliuimba Kiswahili cha Tanga, katika baa ya Nairobi, na Mmeru akaukariri. Redio iliusambaza, ndiyo, lakini bendi hailipwi mshahara na redio. Ililipwa na watu waliokaa na kuagiza nyingine.

Nasikia mtu anasema: hayo ni mambo ya muziki na ya watu maarufu, yenu ni baa ya mtaa tu. Haya. London kuna baa ya mtaa iitwayo Ivy House, huko Nunhead. Mwenye jengo alitaka kuliuza ligeuzwe fleti. Mwaka wa 2012 wakazi wakaiandikisha kama mali yenye thamani kwa jamii, kwa sheria ambayo Uingereza ilikuwa imepitisha mwaka mmoja kabla, na sheria hiyo ikawapa muda wa kuchanga. Mwaka uliofuata mamia ya majirani waliinunua. Ubelgiji nao walipeleka utamaduni wao wa bia UNESCO na ukaandikwa 2016. Sisemi tuwaige Waingereza, walishatuachia vya kutosha. Nasema tu kwamba hata wao, wenye baa kila kona, waliona zikiisha wakatafuta karatasi ya kuzilinda.

Sisi karatasi tunayo. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa la kihistoria, na mmeitumia sheria hiyo kwa benki na ofisi za mkuu wa mkoa. Sidai baa yetu iwekewe bamba la shaba, wazee wangelichokonoa waone kama ni la kuuza. Ninachotaka ni kidogo, na sehemu kubwa yake haina gharama. Kwenye leseni pawe na mahali pa kuandika baa ya mtaa: ya viti, isiyo na spika za nje, isiyouza baada ya saa tano, yenye mhudumu anayejulikana. Hiyo ipewe ada yake na masharti yake, na ikikiuka ifungwe, sitaandika barua ya pili. Mnapobomoa mtaa wa zamani, baa iliyokaa miaka arobaini au zaidi ihesabiwe pamoja na msikiti, kanisa na ukumbi, ipewe chumba chini ya ghorofa jipya kwa kodi ambayo mwenyewe ataiweza. Mwenye baa yetu amepigiwa hesabu ya kodi ya "nafasi ya biashara". Angelazimika kuuza bia kwa bei ya hoteli, na wale wazee tisa wangeinywa kwa macho.

Na wahudumu. Hawa hata kwenye malalamiko ya wenye baa hawatajwi. Mama alifanya kazi miaka 26 bila barua ya ajira, na alipostaafu alipewa leso mbili, kreti ya soda na mkono. Leseni inakagua choo, inakagua mlango wa dharura. Ingekagua pia kama mwanamke anayebeba trei ana mkataba, na kama bado analipishwa bia za watoro. Nakiri hapa simtetei mwenye baa. Alikuwa mtu mwema na alimlipisha Mama kila chupa. Mikwaruzo ile ya msumari chini ya kaunta ni ushahidi, na ndiyo sababu nataka ipigwe picha kabla tingatinga halijafika.

Niseme pia kuhusu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwa sababu mtu ataniambia natia sukari. Baa ilifungwa wiki mbili. Ilipofunguliwa palikuwa na karatasi mlangoni: siasa marufuku. Meza ya tatu ilikaa tupu karibu mwezi. Kisha siku moja mmoja wao alirudi, akasimama katikati hajui akae wapi, na yule Mkamba wa bucha akamsogezea kiti bila kusema neno. Wawili hawakurudi kabisa. Kwa hiyo siwaambii kwamba baa iliponya nchi. Nawaambia kiti kilisogezwa, na sijui mtaani kwetu ni wapi kwingine wiki ile kiti kilisogezwa.

Alama ya X ina tarehe: mwisho wa mwezi ujao. Mama ana miaka 71, bado anakwenda kila Alhamisi, anakaa kona ya dirishani na soda yake, moto. Anajua nani alikaa wapi tangu 1979, nani alichanga nini, na ni fito zipi chini ya kaunta ni za nani. Hayo hayajaandikwa popote. Mtumeni mtu mmoja mwenye kinasa sauti, mwingine mwenye kamera na futi ya kupimia ile kaunta. Mimi nitakuwepo. Njooni baada ya saa kumi na moja jioni, maana kabla ya hapo sheria yenu haituruhusu kufungua.

Wenu,
Mtoto wa mhudumu,
Jogoo Road